Wafula, Usilirudishe Sanduku la Spana

Kwako mwanangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Huruma. Najua ni ajabu kukutumia salamu wakati shati lako bado liko kwenye kamba linakauka, na wewe mwenyewe umetoka tu kwenda kuwaaga vijana wenzako. Lakini utakapoisoma hii utakuwa ndani ya lori, mbali, na mtu aliye mbali lazima asalimiwe.

Kukhu wako, mama ya baba yenu, anakusalimia sana. Amekaa kitandani anachambua mchele ambao nilishauchambua, na kila baada ya muda ananiuliza kama huko Lodwar kunanyesha. Nimemwambia hakunyeshi. Akauliza watu wa huko wanakula nini basi, nikamwambia mbuzi. Akafikiri, akasema, "Basi atanenepa." Dada yako Nasimiyu anakusalimia pia. Amekasirika na hataki ujue. Miaka yote amekililia kitanda chako, na leo nilipomwambia sasa ni chake amesema atalala palepale chini alipozoea. Mama Njeri wa mlango wa pili anakusalimia, anasema redio yake imeanza tena kukoroma na sasa atampelekea nani. Mimi mwenyewe niko, mgongo ndio unasumbua, lakini niko.

Baba yenu yuko. Salamu zake hakunipa. Nimeziandika mwenyewe kwa sababu barua haiwezi kutoka nyumba hii bila jina lake ndani.

Sitakuandikia ule nini na ulale saa ngapi. Ulijua kusonga ugali kabla hujajua kusoma saa. Kufua unajua, kanisa unajua, na mambo ya wasichana ukitaka kuharibu utaharibu hata nikiandika daftari zima. Nakuandikia juu ya sanduku.

Ulisema unaliacha. Jumapili pale kwenye mfereji ulinishikia ndoo ukaniambia, "Mathe, mimi nitabeba spana chache kwa gunia. Sanduku wacha ikae na buda."

Nikakuuliza, "Ikae na baba yako ikifanya nini?"

"Angalau akiamka aone iko."

Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa kwenye foleni ya maji na masikio yao yalikuwa kwetu. Wewe ukadhani nimekubali.

Sasa sikiliza. Sanduku liko kwenye lori. Limepandishwa leo mchana ukiwa umetoka. Dereva Lokiru, huyo huyo anayeleta mbuzi soko la Kiamaiko na kurudi Lodwar na gari tupu, amelifunga kwa kamba nyuma ya kichwa cha lori na kulifunika turubai. Nakujua. Ukiliona utakunja uso, utamwambia Lokiru alirudishe akija tena na mbuzi. Usilirudishe. Nitakueleza kwa nini, lakini itabidi nianze mbali kidogo, kwa lile sanduku la kwanza.

Unakumbuka baba yenu alivyokuwa akifanya kazi pale uwanjani nyuma ya ploti. Vyombo vyake vyote vilikaa kwenye gunia. Mvua ikinyesha vinashika kutu, jua likiwaka mafundi wengine wanakuja kuazima, na spana ikiazimwa huu mtaa wetu inazunguka mpaka inasahau kwao. Nusu ya siku yake ilikuwa ni kutafuta. "Nani ana kumi na nne yangu?" Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya uwanja. Mimi niliuza supu yangu ya vichwa vya mbuzi pale mlangoni nikimsikia, nikasema moyoni, huyu mtu nitamnunulia sanduku la magurudumu, alisukume jioni alifunge na kufuli.

Nilikuwa najua wapi masanduku yanauzwa? Nilijua soko la Gikomba. Niliwaona akina mama wenzangu kila mwaka wakiwanunulia watoto masanduku ya bati ya kuendea shule ya bweni, basi mimi nikaenda hapo hapo. Fundi akaniuliza, "Kijana amepita, mama? Anaenda shule gani?" Nikamwambia ni la spana za mzee wangu. Akacheka sana. "Hata mzee anaenda bodingi?" Na mimi nikacheka. Akatafuta magurudumu manne ya kiti cha ofisi akayachomelea chini, akapaka rangi ya buluu, na juu ya mfuniko akaandika jina la baba yenu kwa rangi nyeupe, vile wanavyoandikiwa wanafunzi.

Baba yenu alilipenda. Wiki nzima alijiita monita. Mtu akija kuazima anamwambia, "Nenda uniletee ruhusa ya mwalimu mkuu." Sijamsikia akicheka hivyo tena, Wafula, na ndiyo sababu hata leo nikipita mahali wanapogonga bati siwezi kusimama.

Lilikuwa sanduku la kubeba daftari na sukari na sabuni. Bati lilikuwa jembamba, likikaa na soketi ndani tumbo linaning'inia. Droo hakuna, spana zote zimelaliana kama kuni, ukitaka moja unachimbua. Na breki hakuna. Uwanja wetu uliinama kuelekea mtaro, kwa hivyo tuliweka jiwe mbele ya gurudumu. Kila mtu wa nyumba hii alilijua jiwe lile. Ukilisukuma sanduku, kwanza jiwe. Ukiliegesha, kwanza jiwe.

Siku yenyewe unaijua, ulikuwa ndio umeingia na sare ya shule. Figa langu moja lilipasuka kwa moto, sufuria ikainama, wateja wamesimama na bakuli. Nikaangalia huku na huku, nikaona jiwe la sanduku, nikalichukua. Nilisema nitalirudisha. Sikusema kwa mtu, nilisema tu ndani yangu, vile mtu husema. Pikapu ya yule muuza maziwa ilikuwa juu ya jeki na baba yenu ameingiza mkono kwenye gurudumu. Sanduku likateremka polepole, nililiona, lilikuwa linakwenda polepole kabisa kama mtu anayetembea. Likagonga jeki.

Hospitali, kwenye mkono wa kulia, walimwachia kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Vidole hivyo viwili vinaweza kushika kikombe. Spana haviwezi.

Hakuna mtu katika ploti asiyejua habari ya jiwe. Wengine walikuja kunifariji, wengine walikuja kuangalia figa. Lakini baba yenu hakuwahi kulitaja. Hakunipiga, hakunitukana, hakuniuliza. Na mimi nikachukua kunyamaza kwake nikasema amesamehe, nikashukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Ujinga wangu ulikuwa hapo, mwanangu, kuliko hata kwenye jiwe. Nilimwacha mtu akanyamaza mwaka baada ya mwaka kwa sababu kunyamaza kwake kulinifaa mimi.

Halafu wewe ukaacha shule ukawa mkono wake. Hilo sitaki kuliandika sana. Ulikuwa na kichwa kizuri cha hesabu. Ukisimama mbele ya injini bado namwona yule mtoto aliyekuwa akinisahihisha chenji za wateja.

Sanduku la pili ulilichagua wewe, na nilijifunza kwako ingawa mimi ndiye mama. Ulisema safari hii hatununui kwa kupenda rangi. Tulizunguka kwenye maduka ya vyombo kule mjini mpaka viatu vyangu vikaisha soli. Unakumbuka yule kijana wa duka mwenye maneno mengi? Alituonyesha moja jekundu linang'aa.

"Hii ndio size ya gereji ya nyumbani, mama. Bei ya urafiki."

Ukavuta droo moja hadi mwisho ukaibonyeza na kiganja. Ikainama.

"Boss, hii inainama na haina kitu."

"Sasa wewe unataka kuweka mawe?"

"Nataka kuweka chuma. Unajua chuma?"

Ukavuta droo zote pamoja, sanduku likainamia mbele, ukalizuia na goti. Yule kijana akasema, "Lakini nani hufungua zote mara moja?" Ukamwambia, "Mtu mwenye haraka. Gereji ni ya watu wa haraka." Mimi nilipiga magoti kwenye sakafu ya duka nikashika breki ya gurudumu, nikaifunga na kuifungua, nikaifunga tena. Watu wananiruka. Kijana akaniambia, "Mama, hii si gari." Nikamwambia najua si gari.

Tulijua sasa. Magurudumu madogo ya plastiki ni ya sakafu ya vigae, kwetu kuna kokoto na matope, yanazama. Yanatakiwa mapana, ya mpira, mawili yanayozunguka na mawili yaliyonyooka, na breki inayouma. Droo itembee juu ya vigololi, ifike mwisho bila kulegea. Lakini yale mapya tuliyoyaweza yalikuwa bati tupu, na yale ya chuma hayakuwa yetu. Ilibidi tungoje. Mpaka ile gereji kubwa ya Industrial Area ikafungwa, wakaanza kuuza vitu vyao, na Lokiru ndiye aliyetuambia. Hilo la kijani lilikuwa pembeni limebonyea ubavu, droo moja haina mkono, ufunguo umepotea. Nikaona aibu hata kuliangalia. Ukaniambia, "Mathe, kubonyea haina shida. Angalia miguu." Nikaangalia miguu. Nikalibonyeza mgongo vile ninavyobonyeza mbuzi Kiamaiko, na halikutikisika.

Tulipolifikisha, baba yenu alilizunguka mara nyingi. Akafungua kila droo kwa mkono wa kushoto. Akauliza, "Nani alikagua breki?" Ukasema, "Ni mathe." Akaniangalia kidogo, akaanza kupanga. Mchana wote alipanga peke yake na hakutaka tumsaidie. Tangu hapo akawa anakaa juu ya mtungi wake wa plastiki akiangalia pembeni, "Droo ya tatu, kushoto, kumi na tatu," na wewe unanyoosha mkono bila kuangalia na kumi na tatu iko pale. Wateja walikuwa wakija kuona hiyo tu. Ile ndiyo miaka tuliyoishi.

Halafu landilodi akaziba uwanja kwa mabati ajenge ghorofa nyingine. Hakutufukuza, alitufungia tu kazi nje. Ulijaribu kando ya barabara, askari wa kaunti wakaondoka na jeki. Sanduku likapandishwa ngazi likaingia ndani, likakaa kati ya kitanda chetu na jiko.

Wewe ulikuwa ukitoka asubuhi kutafuta vibarua. Hukuona ninayoyaona mimi. Kila siku akiamka anafungua droo ya kwanza, anatoa spana zote, anapangusa, anarudisha. Anaingia ya pili. Akimaliza ya mwisho, saa nne haijafika. Anakaa. Halafu anafungua tena ya kwanza. Siku moja nilimkuta ameegemeza sikio dirishani, nikamuuliza anasikiliza nini, akasema kuna gari linakohoa huko chini. Alisimama akavaa viatu. Lilikuwa gari la mchanga la hao wanaojenga. Wafula, ulidhani akiliona sanduku atajua gereji ipo. Mimi nimeona, akiliona anaingoja. Nami siwezi kukaa humu nikimwangalia mtu akimngoja mteja ndani ya chumba cha kulala.

Na wewe na gunia lako, ungefika kwenye gereji ya ndugu yake Lokiru uanze kuazima. Mtu wa kuazima hupewa gari lile ambalo wengine wamelikataa, na likiharibika zaidi lawama ni yake. Tumekula chakula cha waazimaji. Sitaki ukile peke yako mahali ambapo hata lugha hujui.

Leo asubuhi nilimuuliza.

"Baba Wafula, sanduku liende ama libaki?"

"Unaniuliza ya nini?"

"Kwa sababu ni lako."

Akasema, "Langu lilikuwa lile la kwanza. Hili ni la kijana."

Ndiyo mara yake ya kwanza kulitaja sanduku lile tangu siku ya ajali. Kukhu alisikia, akashika mchele mkononi hakuutupa chini wala hakuurudisha. Mimi sijui baba yenu alimaanisha nini. Labda alinisuta. Labda alikumbuka jina lake likiwa jeupe juu ya mfuniko na vile alivyocheka. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza, Wafula. Alikuwa ameufungua mlango mwenyewe. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia.

Baba yenu akainuka. Akapaka oili reli za droo zote. Akakata tyubu kuukuu ya baiskeli kwa kuivuta na meno, akafunga kila droo isifunguke barabarani. Vijana wa mkokoteni walipokuja kulishusha ngazi, alitangulia yeye akienda kinyumenyume, "Taratibu. Kushoto. Shikilia hapo, usibebe kwa mkono wa droo." Sauti ile ya uwanjani. Majirani walitoa vichwa. Kijana mmoja wa mkokoteni akalalamika, "Mzee, kwani umeweka nini humu?" Akamjibu, "Gereji."

Alikaa pale kwenye lori mpaka kamba ya mwisho ikafungwa. Alipiga teke breki za magurudumu, moja, kisha ya pili. Halafu akarudi, akapanda ngazi, akalala chini ameelekea ukuta, pale penye alama nne za magurudumu sakafuni.

Hajala. Nilimpa ugali na matumbo, akasema tule. Kukhu alimwita kwa jina lake la utoto, lile tunaloficha, naye akamjibu, "Mama, kuleni." Unamkumbuka yule mzee wa ghorofa ya juu aliyeachishwa kazi kiwandani? Na yeye alianza kwa kulala akiangalia ukuta. Mkewe alituambia anapumzika. Wewe ulikuwa miongoni mwa vijana waliobeba jeneza.

Sitakuficha, naogopa. Sijui kama nimefanya vizuri. Nilimletea sanduku moja akapoteza mkono, sasa nimemtolea lingine na labda nimemtolea kilichokuwa kimebaki. Nikiomba, maneno hayaji. Nikiwaza huko uendako naona tu jua na barabara. Nikiwaza humu naona mgongo wake. Sina la kukuambia la kukupa nguvu, na mama anayemtuma mtoto mbali angepaswa kuwa nalo. Nimelitafuta tangu asubuhi.

Nina ombi tu. Nasimiyu ataitia barua hii kwenye mfuko wa koti lako ukipanda, kwa hivyo utaisoma kabla ya kufika. Usinipigie mimi kwanza. Mpigie baba yako. Usimuulize kama amekula, atasema amekula. Usimshukuru, atakata simu. Muulize kitu cha kazi. Mwambie droo ya nne inagoma kufunguka, uivute vipi. Haigomi, nimeijaribu mwenyewe, lakini mwambie. Mwambie kuna lori la huko limekushinda, uanzie wapi. Akikuita mjinga, nyamaza usikilize, halafu muulize lingine. Na kesho yake umuulize tena. Mimi sikuuliza kwa miaka mingi, na sasa hata nikiuliza, ananijibu akiwa ametazama ukuta. Wewe bado anaweza kukugeukia.

Usingoje Lodwar. Lokiru akisimama popote kunywa chai, kukiwa na mtandao, piga hapo hapo. Simu ya baba yako nimeijaza chaji na nimeiweka upande ule alioelekea. Fanya upesi, mwanangu. Mimi nitakuwa nimekaa hapa mlangoni, sitaingia ndani mpaka nimsikie akikujibu.

Ni mimi mama yako.